Kizingiti, Mlango na Nusu ya Jiko

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo asubuhi, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa. Ilikuwa mwaka 2015, nami nina miaka hamsini na sita. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekaa kwenye kaunta ya malipo ya duka moja la jumla hapa Newtown. Duka likafungwa, nikadhani shughuli yangu ya kuhesabu pesa za watu imekwisha. Kumbe mitaa miwili tu kutoka pale palikuwa na ofisi ya ushauri wa madeni iliyokuwa ikitafuta mtu wa Kiswahili. Wateja wake wengi walikuwa Wakongo na Watanzania wa Bellevue na Troyeville, na walikuwa wakiitikia "yes" kwa kila wanaloambiwa, kisha wanaenda nyumbani bila kuelewa walichosaini.

Mshauri Mkuu alikuwa mwanamke mfupi wa Soweto, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kunyamaza ili umsikie. Alinikuta nimeegemea ukuta, nimevua kiatu kimoja. Hakucheka.

"Hapa hatumhurumii mtu na hatumgombezi, Mama," aliniambia. "Tunamuuliza, halafu tunamwomba slipu."

La huruma nilijitahidi. La kugombeza lilinishinda, maana mimi hugomba hata na birika likichelewa kuchemka.

Miezi sita ya mwanzo nilikaa mapokezi, chini ya Meneja wa Ofisi, bwana mmoja aliyeamini kwamba nchi hii ingenyooka kama kila mtu angebana karatasi zake kwenye kona ya kushoto. Kisha nikahamishiwa chumba cha mafaili, na mwaka uliofuata nikapewa kiti kwenye meza ya bajeti. Meza hiyo ndiyo ilikuwa moyo wa kazi yetu. Vijana mnaoifanya leo mna programu zinazojumlisha zenyewe. Na sisi tulikuwa na kompyuta, ila Mshauri Mkuu hakuruhusu kitu kiingizwe mle kabla mteja hajakijaza kwa mkono wake. Alisema mtu akiandika kwa mkono huona aibu mapema, na aibu ya mapema ni rahisi kutibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu aliyezidiwa na madeni anakuja na barua zake zote. Tunaorodhesha mapato yake, kisha matumizi ya lazima ya nyumba: chakula, nauli, ada, umeme, kodi ya manispaa, bima ya mazishi. Kinachobaki tunakigawa kwa wadai, kila mmoja kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi, na mahakama inaupitisha mpango. Tangu hapo mteja haruhusiwi kukopa hata sufuria. Bondi, yaani mkopo wa nyumba, tuliishughulikia kwa uangalifu kuliko deni lolote, kwa sababu sofa ikichukuliwa mtu atakaa chini, lakini nyumba ikichukuliwa hata hapo chini pa kukaa hapapo.

Papa Mwamba na mkewe Mama Gloria walikuja kwangu mwaka 2016. Yeye alikuwa fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, mwenye suti aliyojishonea ambayo waziri angeitamani. Mkewe alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Walikuwa na vibali vya ukaaji wa kudumu, na mwaka uliotangulia walinunua nyumba ya zamani Troyeville, yenye vyumba vitatu na jiko refu. Juu ya bondi wakaongeza sofa za mkopo, kadi mbili za maduka ya nguo na mkopo mdogo wa kurekebisha paa. Tuliwatengenezea mpango mzuri. Mwezi wa tatu ukavunjika. Waliporudi kwangu walikuwa wamechelewa bondi kwa miezi mitatu, na mkononi wana barua ya mawakili wa benki.

Ile barua ndiyo iliyonitoa jasho. Barua ya kudai bado si kesi. Inampa mdaiwa siku kumi za kazi, na ndani ya siku hizo sisi tunaweza kuingia katikati. Ikishageuka kesi, mikono yetu imefungwa. Papa Mwamba alikuwa ameikalia kwa siku tano, kwenye mfuko wa koti.

"Siku tano, Papa?" nilimuuliza. Hapo nilishaanza kugomba.

"Nilikuwa ninatafuta namna ya kusema, mama," alinijibu.

Nikachukua taarifa zao za benki za miezi mitatu na kalamu ya njano. Huu ulikuwa utaratibu wetu: unasoma mstari kwa mstari, kila pesa iliyotoka inatafutiwa mahali pake kwenye fomu. Kila mwezi kulikuwa na kama randi elfu mbili na nusu zilizotolewa taslimu ambazo hazikuwa na mahali. Niliwauliza zimekwenda wapi. Papa Mwamba akatazama dirishani. Mama Gloria akaitazama mikono yake. Kisha akamgeukia mumewe kwa jicho ambalo kila mwanamke analifahamu, nami nikajua kwamba nisipotumia akili, leo nitavunja ndoa pamoja na nyumba.

Nikamwomba Papa Mwamba asubiri kwenye korido. Mlango ulipofungwa tu, Mama Gloria akanisogelea.

"Ninatumiaka mudogo wangu wa Likasi franga ya masomo. Usimwambie papa, atasema ninaharibu nyumba."

Franga kwao ni pesa, na mudogo ni ndugu mdogo. Nikambadilisha na mumewe. Yeye hakukaa hata kitini.

"Ninatumiaka mama yangu," alisema. "Kila mwezi, kwa mutu mwenye kuuzisha vitenge. Bibi yangu asijue," akaongeza, akiuonyesha kwa kidevu mlango aliotokea mkewe.

"Mbona hukuandika kwenye matumizi?"

"Ile haiko matumizi, mama. Ile ni ya nyumbani. Utamuandika mama yako mu karatasi ya deni?"

Asubuhi ileile nilikuwa nimemtumia kaka yangu wa Tanga pesa ya mabati, na kwenye daftari langu nimeiandika "mengineyo". Mimi, karani wa meza ya bajeti. Niliona aibu ambayo bado naikumbuka. Nikaelewa pia kwa nini mipango yetu mingi ya watu wa kwetu ilikuwa ikifa mwezi wa tatu, na kwa nini wenzangu pale ofisini waliamini kwamba wateja wa Kiswahili ni waongo. Hawakuwa waongo. Fomu ilikuwa na mstari wa bima ya mazishi, wa mbwa, hata wa gazeti, ila haikuwa na mstari wa watu waliotuzaa.

Siri za wale wawili hazikuwa zangu kuzitoa. Basi niliwakalisha pamoja, nikachukua rula, nikachora mstari mpya chini ya bima na kuandika neno moja: Nyumbani. Nikaisukuma fomu katikati yao na kuweka kalamu mbili juu yake.

"Kila mmoja aandike kiasi chake," niliwaambia. "Mimi nakwenda kuchemsha chai."

Siku ile birika lilichelewa na sikuligombeza. Niliporudi, mstari ulikuwa na viwango viwili kwa miandiko miwili. Mama Gloria alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mumewe alikuwa amemshika kiwiko.

"Nilijua iko bibi mwingine," Mama Gloria aliniambia.

"Iko," alisema Papa Mwamba. "Iko na miaka makumi saba na tano."

Nikapeleka fomu kwa Mshauri Mkuu. Akaweka kidole kwenye mstari wangu.

"Hiki ni nini?"

"Ndicho kilichokuwa kinavunja mpango."

"Eish, Mama. Wadai watakataa."

"Tukikificha, wateja watakilipa hivyohivyo, na mwezi wa tatu tutakuwa hapahapa."

Akaipitia fomu tena kuanzia juu. Mwisho akasema kiasi kipunguzwe nusu, kiandikwe wazi, na wenyewe wawaambie watu wao leo hii, kwa sababu punguzo ambalo nyumbani hawalijui halidumu. Hapo ndipo Papa Mwamba aliponyong'onyea. Kukosa pesa alikuwa amekuzoea. Kumwambia mama yake kwamba mwanawe wa Johannesburg anadaiwa, hilo lilikuwa jambo jingine.

Alipiga simu mezani kwangu, sauti ya simu ikiwa juu ili mkewe asikie. Alizunguka sana: hali ya hewa, wateja, afya ya watoto. Kisha akasema yote kwa pumzi moja, nyumba, benki, barua, na kwamba atatuma nusu.

"Mi sikukulombaka franga, mwana yangu," sauti ya kizee ikasema upande wa pili. "Franga ikifika, ninajua uko muzima. Sababu telefone haupigi."

Papa Mwamba alifunika uso kwa mkono. Nami nilitoka nje, eti natafuta slipu.

Tukamaliza mpango siku ya nane kati ya zile kumi, na benki ikaukubali. Kwenye fomu, pembeni ya mstari wa Nyumbani, Mama Gloria aliongeza vocha ya simu kila Jumapili. Mwaka uliofuata Mshauri Mkuu alichapisha fomu mpya zenye mstari ule. Hakunisifu, alinipa tu boksi zima nibane karatasi zake, kona ya kushoto.

Kilichobaki kilikuwa uvumilivu, na huo ndio ugumu wa bondi. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya unacholipa ni riba, na deni lenyewe halionekani kusogea. Watu hukata tamaa. Mimi niliwatania ili wasikate. Walipolipa mwaka wa kwanza bila kukosa, nikawaambia, "Hongereni, sasa mnamiliki kizingiti." Mwaka 2018 sofa, kadi na mkopo wa paa vilikwisha. Hapo nikawafundisha jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alishike: pesa iliyokuwa ikienda kwenye deni lililokwisha isirudi mfukoni hata mwezi mmoja. Siku hiyohiyo tuliandikia benki iongeze makato ya bondi kwa kiasi kilekile. Kila randi ya ziada inakwenda kwenye deni lenyewe, na riba ya mwezi unaofuata inapungua. Nikawaambia wamepata mlango, na sasa waanze jiko.

Nilistaafu mwaka 2019. Meneja alinipa kadi, na Mshauri Mkuu akanipa fomu tupu na kalamu. "Jaza yako, Mama," alisema. Nikajaza mbele yake. Kwenye mstari wa Nyumbani niliandika kiasi cha kaka yangu kwa mara ya kwanza, kisha nikampigia kumwambia kwamba mabati yaliyobaki yatakuja polepole. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Nimefikiria sana kuhusu kazi yangu tangu niache, na sidhani kwamba tulikuwa tunapunguza matumizi ya watu. Tulikuwa tunawasaidia kuyataja, na yakishatajwa, watu wenyewe wanajua la kufanya.

Jumapili moja baada ya hapo Papa Mwamba aliniita kwa chakula cha mchana. Mama yake alikuwa amefika kutoka Lubumbashi kwa basi, bibi mwembamba mwenye kitenge kipya. Mama Gloria alinionyesha taarifa ya bondi hata kabla sijakaa. Kwa mara ya kwanza tangu ile miezi ya kuchelewa ilipolipandisha deni, lilikuwa chini ya kile walichokopa siku ya kwanza. Si kwa kiasi kikubwa, lakini chini.

Yule bibi alikuwa amesimama sebuleni, anatazama kuta, dari, sofa. Hakuketi.

"Banasema nyumba ni ya benki," alimwambia mwanawe. "Yenye ni yetu ni wapi?"

Papa Mwamba akanitazama, nami nikampa ishara kwamba ajibu mwenyewe. Akanyoosha koti lake.

"Kizingiti, mama. Na mulango. Na nusu ya jiko."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akatafakari. Kisha akainua kiti kimoja cha mezani, akatukataza tusimsaidie, akakibeba taratibu mpaka jikoni na kukiweka upande wa dirisha.

"Nusu ni hii?" aliuliza.

"Njo hiyo, mama," Papa Mwamba alimjibu.

Akaketi, akalaza mikono mapajani. "Basi leteni chakula hapa," alisema.