Jogoo Aliyepona Krismasi

Simu ya msiba ilinikuta dukani mjini Bariadi, nikichagua mchele wa Krismasi. Rafiki yangu mzee wa Kasoli alikuwa ametutoka alfajiri. Niliacha mchele palepale nikatoka nje, na jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa sala wala jeneza. Lilikuwa jogoo. Nilijua amefungwa kamba mguuni nyuma ya jiko, na sikujua safari hii anamsubiri nani.

Mtaniwia radhi, wasomaji wangu, lazima nieleze. Marehemu alikuwa mkulima wa pamba, baba wa kijana mmoja tu wa kiume na mabinti ambao wote walikwisha olewa. Ng'ombe walioingia kwa mahari ya mabinti aliwatunza zizini ili siku moja amtolee mahari kijana. Kijana akaja na habari nyingine: anaitwa, anataka kuwa padri. Mzee alinyamaza tangu palizi hadi mavuno. Mkewe alikwisha fariki, na jina la mzee mwenyewe lilikuwa halina mjukuu wa kulibeba. Pamba ilipokwisha kuuzwa, akamwita kijana akamwambia, "Kama Mungu amekuona hata huku Kasoli, mimi ni nani nikufiche? Nenda."

Alichokuwa hajakijua ni kwamba padri hana Krismasi ya nyumbani. Vijana wa wenzake hurudi kutoka Mwanza na Dar es Salaam, nyua zikajaa kelele na harufu ya pilau. Wa kwake siku hiyo yuko altareni, parokia ya mbali, na vigango vinamngoja. Basi mzee akaihamisha sikukuu. Kanisani alikwenda kama kawaida, akaimba, akarudi kula ugali na mlenda, na jogoo akabaki na kamba yake mpaka padri ashuke basi siku chache baadaye. Majirani walimtania, "Namhala, mzee wetu, jogoo wako ameokoka!" Mzee akacheka nao. Mimi nilialikwa mara moja, nikawa mgeni wa kila mwaka. Padri akiingia uani, kabla hata ya salamu ya "mwadila", baba yake aliuliza, "Walijaa?" Akijibiwa kwamba kanisa lilijaa, alisema, "Haya, jogoo achinjwe." Na michembe ya karanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa tayari, kwa sababu padri aliipenda tangu utoto.

Mwaka jana nilimkuta mgonjwa, amekonda sana. Nikamwambia naweza kuwapigia wakubwa wa mwanawe, wamruhusu mara moja tu ale Krismasi na baba yake. Akakataa. "Ng'ombe ukishampeleka ukweni, huendi tena asubuhi kumkama." Lakini jioni ya Krismasi yenyewe aliniomba simu ampigie mwanawe.

"Mhola?" akamuuliza kama ni salama.

"Mhola duhu, baba."

"Walijaa?"

Alipojibiwa, akanirudishia simu, akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Tusidanganyane: imani haikumwondolea hamu ya mwanawe hata siku moja.

Tulimzika Krismasi ikiwa imekaribia sana. Padri aliongoza misa ya mazishi, na kesho yake akapanda basi kurudi kwa waumini wake. Minong'ono ikaanza: mtoto gani huyu anaondoka matanga hayajaanuliwa? Ni sisi hawahawa tuliopiga vigelegele siku ya upadrisho wake, tukala, tukarudi nyumbani na watoto wetu. Wito tunaupenda sana ukiwa umebisha hodi kwa jirani.

Nilikwenda Kasoli siku ile ya mzee, siku chache baada ya Krismasi, bila kualikwa na mtu. Mabinti walikuwa wameloweka michembe. Jogoo alikuwa palepale, hakuna aliyethubutu kumgusa. Padri akaingia na begi lake, akasimama katikati ya uwanja akikitazama kiti cha baba yake. Nilimkumbuka mzee kwa uchungu ambao sikuutarajia. Mwishowe nikauliza mimi.

"Walijaa?"

"Walijaa," akasema. Dada yake mkubwa akaenda nyuma ya jiko kuifungua kamba.

Nilidhani mzee alimwambia Mungu "ndiyo" mara moja tu, mwaka ule wa mavuno. Kumbe alikuwa akiirudia kila Krismasi, kwa neno lile moja, "Walijaa?", na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikingoja nyama.