Mbiu Iliyopita Kimya

Nilikuwa mdomo wa serikali pale Kiegeani kwa miaka mingi, na nasema bila haya kwamba nilikuwa mdomo mzuri. Bwana Mkubwa wa Kidachi, Mjerumani aliyekaa boma la Chole, hakujua Kiswahili cha kutosha hata kumwambia mtu ampishe njia, kwa hiyo maneno yake yaliteremka ngazi. Yeye alimwambia karani, karani akamwambia akida, akida akaniambia mimi, nami nikawaambia watu. Yakifika kwangu yalikuwa yamezidi ukali au yamepungua, kutegemea akida alivyoamka.

Kazi yenyewe ilikuwa pembe na miguu. Pembe ilikuwa ya tandala, imetoka bara, baba aliniachia. Nilipuliza msikitini, nikapuliza kisimani, kisha nikapita nyumba hata nyumba, maana akida alikuwa amechoka na watu wa kusema hawakusikia. Kila niliporudi Chole aliniuliza kama nimepiga kila mlango. Nikamjibu kila mlango, naye karani akaandika.

Sasa nieleze jambo ambalo akida, mtu wa kuja, hakulijua, nami sikuona haja ya kumfundisha. Kwetu mpiga mbiu akifika kwenye nyumba yenye msiba, au ya mwanamke aliyekaa eda, huishusha pembe ikatazama chini, akavua viatu, akapita kimya. Baba alinifunza hivyo kabla hajanifunza kupuliza. Alisema aliyefiwa amekwisha kusikia habari kubwa kuliko zote, usimpelekee ndogo.

Mwaka huo ilikuja amri ya mashamba. Kila mwenye shamba kuanzia msikitini mpaka ufukweni aende boma mwenyewe, ataje mipaka yake iandikwe. Shamba ambalo halitaandikwa mpaka adhuhuri ya Jumatano ya mwisho wa mwezi litahesabiwa halina mwenyewe, na serikali italichukua. Niliitangaza Ijumaa tatu mfululizo. Na Ijumaa zote tatu nilipofika kwa mjane mmoja karibu na mikoko, mumewe hajatimiza miezi miwili kaburini, niliishusha pembe, nikavua viatu, nikapita. Nakumbuka nilijisikia mtu mwema sana.

Jumatano ile ya mwisho, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta kisimani mama wa mjane yule. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kwa mazoea tu ya kuzungumza nikamwuliza walikwenda Chole siku gani.

"Kwenda Chole kufanya nini, mwanangu?"

Nikamwuliza kama hawakuisikia mbiu. Pembe walikuwa wameisikia kwa mbali, lakini mbiu za siku zile zilikuwa nyingi, za njia, za ndui, za visima, wakadhani ni moja ya hizo. Majirani walioingia kumpa pole walinyamaza, maana kutaja shamba kwenye nyumba ya eda ni kama kugawa mali ya marehemu machozi hayajakauka. Kila mmoja alidhani ameambiwa na mwingine. Wote tulikuwa na adabu, na adabu yetu ndiyo ilikuwa inamnyang'anya mwanamke yule minazi yake, naye ana watoto wawili na hana kitu kingine duniani.

Nilikwenda nikasimama barazani kwake. Mama yake aliingia ndani kumweleza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Kaka, mbona hukuipiga kwangu?"

Nikamwambia nilimstahi.

"Ulinistahi," akasema. "Na watoto wangu watakula heshima?"

Nilimwambia kwamba tukitoka sasa hivi tutafika kabla ya adhuhuri. Nikaliona jua linazidi kupanda. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Dini inaniruhusu kutoka kwa dharura. Watu ndio hawataniruhusu. Nikitoka hivi hivi nitaitwa mjane asiyemngoja mumewe. Basi ipige. Hapa mlangoni pangu, kwa nguvu zako zote. Waambie nimeitwa."

Sikuwahi kupuliza mbele ya mlango wa eda, wala baba hakuwahi. Nikapuliza. Wanawake walitoka majumbani mikono midomoni, mzee mmoja akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikatangaza kwa sauti yote kwamba mwenye nyumba hii anatakiwa boma la Chole leo kabla ya adhuhuri, kwa amri ya serikali, na asiyependa akamwulize akida. Naye akatoka, amejitanda kaniki, hata kidole hakionekani, mama yake nyuma yake.

Mimi nilitangulia mbali mbele, na kila tulipokaribia nyumba za watu nilipuliza, nikatangaza, ili asipatikane mtu wa kusema tunakwenda kwa siri. Mama alikuwa mzito wa miguu. Kila nilipogeuka nilimwona binti yake amemshika mkono, na kila nilipotazama juu jua lilikuwa limesogea. Pale Utende, kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Chole, maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi uko mbali. Mjane aliingia topeni mpaka magotini bila kuuliza. Nilimhurumia, nikajichukia.

Tulifika boma adhuhuri imetupita kidogo, kivuli kimekwisha kugeuka miguuni. Karani alikuwa anafunika wino. Nikamweleza akida kwamba nimemleta mwenye shamba la karibu na mikoko.

Akida hakumtazama hata. Alisema adhuhuri imepita, na wiki tatu nzima alikuwa nazo. Nikaeleza kwamba amekaa eda. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko makelele yake: mbiu imepigwa kila mlango, mwenyewe umesema mara tatu, na imeandikwa. Aliyesikia akakaa kwake, amekubali.

Nilijua neno lililobaki, na nilijua linakotupeleka. Kiboko kilitundikwa msumarini nyuma ya kiti chake. Kumdanganya Bwana Mkubwa mara tatu kwa maandishi hakukuwa na shauri jingine, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nilimtazama mjane. Angeweza kunitaja. Hakunitaja, alisimama tu na tope zake, akiningoja. Nakiri kwamba nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, mpaka karani akainua kitabu apeleke ndani.

"Kwake sikupiga," nikasema. "Nilipita kimya, mara zote tatu."

Akida akauliza kwa amri ya nani.

"Kwa adabu tu, bwana."

Akaingia ndani kwa Bwana Mkubwa, akakaa, akatoka na neno kwamba asiyepigiwa mbiu hajachelewa. Karani akafungua tena kitabu. Mjane akataja mipaka yake kutoka kisiki cha mkoko mpaka kisimani, kutoka kisimani mpaka mnazi uliopigwa radi, hakukwama hata mara moja, na ikaandikwa kwa jina lake na la watoto wake. Niliyasikia hayo yote, kwa sababu mimi nilingojeshwa mpaka amalize. Kisha wakanilaza. Wazee walisema mjumbe hauawi. Hawakusema hapigwi.

Pembe nilinyang'anywa siku ileile, akapewa mwenzangu mmoja wa pale pale kijijini. Na ikatoka amri mpya: mlango wowote usirukwe, uwe na msiba au usiwe nao. Watu waliichukia amri hiyo na wakanilaumu mimi, kana kwamba niliitunga. Mjane hakunilaumu. Kila mavuno aliniletea nazi.

Miaka ikapita, mke wangu akafariki. Asubuhi hiyo alikuwa ndani amekwisha kukoshwa, tunangoja jeneza, nami nimekaa barazani na wanaume. Mjane yule alikuwa ndani na wanawake. Tukasikia pembe inakuja, nyumba hata nyumba. Mwenzangu alipotokea na kuona msiba alisimama. Aliishusha pembe ikatazama chini, akaanza kuvua viatu, huku ananitazama.

Nilitaka apite. Wallahi nilitaka apite kimya, kama baba alivyonifunza, nibaki na mke wangu dakika ile bila ya serikali. Lakini nikamkumbuka aliye ndani.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga, mbele ya mlango wangu, mke wangu hajatoka. Niliinama nikalia, na huku nalia nikamsikiliza mpaka neno la mwisho. Ilikuwa habari ya kusafisha visima.