Nusu ya Bibi, Nusu Yangu

Enzi zetu kule Pangani, ukoko wa wali wa nazi haukugaiwa hivihivi. Bibi, mzaa mama, alikwangua sufuria, kwaru kwaru, na bila hata kututazama anatupa nusu ya methali: "Haraka haraka..." Wajukuu tunaidaka: "Haina baraka!" Wa kwanza kumaliza ndiye mwenye ukoko. Watoto wa siku hizi waacheni tu, ukoko wanauita wali ulioungua.

Mimi nilikuwa na kigugumizi, tena kilichokomaa. Nikitumwa sukari, hadi nimalize "su-su-su" muuza duka keshahudumia watu watatu. Binamu yangu Mwanahamisi aliniiga mbele za watu, na iliniuma, sisemi uongo. Lakini kwenye methali, ajabu! "Haba na haba," anasema Bibi, nami huyo: "Hujaza kibaba!" Zile ba-ba-ba zilishagugumiza kwa niaba yangu, ulimi ukateleza wenyewe. Ukoko naula mimi, Mwanahamisi kanuna.

Nikakua, nikaenda kuoa Ushongo. Sheikh ananiuliza kama nimekubali, mimi "ni-ni-ni", jasho limelowesha kanzu. Mashahidi wanatazamana, baba mkwe anakohoa. Nikajua leo mke ananiponyoka mchana kweupe. Mara nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, nikasikia sauti ya Bibi:

"Haba na haba!"

"Hujaza kibaba," nikajibu, na kwa pumzi ileile, "nimekubali kumuoa!"

Sheikh mwenyewe alicheka. Vigelegele alivianza Mwanahamisi, na nikamsamehe yote. Mke wangu hadi leo anadai yeye kaolewa kwa kibaba.

Bibi sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na kigugumizi, kilichokuwa kimepoa baada ya ndoa, kimenirudia uzeeni. Wajukuu zangu wanasikiliza hata ujumbe wa sauti kwa kuukimbiza, sembuse babu. Nikikwama tu wananimalizia, tena siyo nililotaka. Juzi nimeagiza samaki, nikaletewa sabuni. Nikamwambia yule mkubwa, "Haraka haraka..." Akajibu huku keshafika mlangoni, "Sawa babu, nawahi!"

Nikacheka, nikaimalizia mwenyewe. Si watoto wabaya. Ila Bibi alizijua methali zote hadi mwisho, na kila siku alinyamaza katikati, akanisubiri.