Ayeeyo Alipokataa Kula Shela

Nyinyi mliokulia Galbet, pale Garissa, miaka ile mtanielewa. Likizo ya Agosti kwetu ilikuwa kwenda malishoni kwa ami, kunywa maziwa ya ngamia mpaka tumbo liume, kisha kurudi shuleni na midomo iliyopasuka kwa jua na vumbi. Habari ya kukodi nyumba ili ukapumzike hatukuijua. Kupumzika kulikuwa mkekani, baada ya adhuhuri, basi.

Kwa hiyo Aabo, yaani baba, aliposema tunakwenda Lamu wiki nzima, kwenye nyumba ya kukodi, nililitangazia darasa zima. Nilikuwa na miaka tisa na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha jiografia tu. Hooyo, mama yetu, alifungasha mchele, basta, yaani tambi, ndoo ya nyirinyiri, ile nyama yetu iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, na madumu mawili ya maji. Hakuamini kwamba kisiwa kilichozungukwa na chumvi kinaweza kuwa na maji ya kunywa. Ayeeyo, bibi mzaa baba, alibeba tasbihi, mkeka wake na mfuko wa tende.

Nyumba yenyewe ilikuwa Shela, mwendo mfupi kutoka mji wa Lamu. Kuta zake zilikuwa nene na nyeupe, na ua ulinukia asumini. Bi Zuhura, mama wa jirani aliyekuwa akiitunza, alitukabidhi ufunguo, akatuonyesha jiko la gesi na sufuria, akaenda zake. Hooyo akapika. Sinia likawekwa, mikono ikaoshwa, lakini wa Ayeeyo haukunyooka.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza kwa Kisomali.

Aabo akamweleza kwamba mwenyewe yuko Ulaya, na kwamba nyumba za namna hii mgeni hujipikia.

"Uingie nyumba ya watu, hakuna aliyekwambia karibu, ufungue jiko lao ule? Huo ni wizi," alisema Ayeeyo. "Mimi siwezi."

Tulidhani ni hasira za safari. Wapi! Alishinda na tende zake na maji ya dumu letu, maana hayo angalau yalitoka nyumbani. Kesho yake mchana bado alikuwa vilevile, na Aabo akakata shauri: "Mama yangu hatakaa na njaa kwa sababu ya bahari. Asubuhi tunarudi Garissa." Mimi nilikuwa nimelowesha miguu tu, tena mara moja. Nililia kwa uchungu kweli.

Nikatoka mbio hadi kwa Bi Zuhura, nikamsihi aje amwambie bibi yangu karibu. Alicheka sana, mpaka nilipomwambia kwamba mzee hajala tangu jana. Hapo alijitanda leso akanifuata.

"Karibu bibi, karibu sana," alisema alipoingia. "Lakini mimi si mwenyeji hapa, mimi hufagia tu. Mwenyeji ni mwenye ufunguo."

Ayeeyo akakusanya Kiswahili chake chote cha sokoni. "Ufunguo iko wabi sasa?"

"Kwenu, bibi."

Ayeeyo akazungusha tasbihi kidogo. "Basi mwenyeji ni mimi. Wewe ndiyo mgeni. Kaa chini, utakula."

Kisha akamgeukia Hooyo kwa ukali: mgeni amekaa na sufuria haijabandikwa! Hooyo alipika wali kama wa harusi. Ayeeyo alingoja Bi Zuhura aonje kwanza, ndipo naye akala, akala vizuri, na Aabo akageuza uso asionekane machozi.

Safari ya kurudi ikafutwa. Kila adhuhuri nilitumwa kwenye kichochoro kuita watu: Bi Zuhura, majirani zake, watoto wao. Sahani zetu zilirudi na mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Ayeeyo alichukia miiba ya samaki, lakini alikula kwa adabu na kumlaumu Mungu hakuthubutu. Siku ya saba kichochoro kizima kilitusindikiza gatini. Ayeeyo alimkabidhi Bi Zuhura ufunguo akamuusia aitunze nyumba, utadhani yeye ndiye aliyeijenga.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kisiwa hichohicho, nyumba nyingine. Mlango unafunguliwa kwa namba, na mwenyewe hukukaribisha kwa ujumbe wa simu. Wanangu, kabla hata ya kuvua viatu, waliuliza paswadi ya waifai. Wakaipata, wakajilaza, na bahari wakaipiga picha kutoka dirishani, eti jua ni kali. Watoto wa Garissa hao, wanalalamikia jua!

Lakini nisiwasingizie wao peke yao. Nyuma ya ukuta nilimsikia mwanamke akiwaita watoto wake kula, kila mchana, kwa siku nne. Kila mchana nilijiambia kesho nitabisha hodi. Niliona haya, nikawaza ataniona wa ajabu. Asubuhi ya kuondoka nilikuta nusu sufuria ya wali na nyama ya mbuzi, kwa kuwa bado napika kwa kipimo cha Hooyo. Niliumwaga wote kwenye pipa la taka. Njiani kwenda gatini niliwauliza wanangu jina la mtu yeyote waliyemjua katika kisiwa kile. Hawakuwa na hata moja, na mimi pia sikuwa nalo.