Nimeitwa mchawi kwa sababu ya maua ya maboga

Leo alfajiri nimeitwa jajuok. Mchawi. Mimi!

Nilikuwa kwa shamba langu hapa Magunga, nimeinama, nasugua ua dume la boga juu ya ua jike. Nyuki wa kuchavusha siku hizi ni wachache, na jua likipanda maua yanafunga.

Jirani yangu Mama Akinyi akaniona, akapiga nduru. Watu wakajaa.

Sikukimbia. Niliwaonyesha boga la ua nililosugua wiki mbili zilizopita: limenona. Yale niliyoyaacha yameoza yakiwa madogo kama ndimu.

Wakaligusa, wakaanza kutawanyika.

Watu walipoondoka, Mama Akinyi akaninong'oneza: "Nyathina, mwanangu, kesho anzia kwangu. Lakini uje kabla watu hawajaamka."

Sasa niambieni, mchawi hapa ni nani? 😂