Nilimsingizia Bi Riziki Kuniulia Bakteria

Nimemsingizia mtu, jamani! Wallahi nimemsingizia, na kila asubuhi ananipa salamu kama hajafanyiwa kitu. Ndiyo maana jina langu silitaji.

Miye ni fundi wa maabara hapa Pemba. Alikuja mzee mmoja wa Micheweni, vidonda vya tumbo vimemchosha. Dawa kanywa duru tatu na tumbo liko vile vile, chakula hakikai. Daktari akasema tuwaoteshe bakteria wake wa tumboni, tujue dawa gani inawaua. Mzee akameza mpira wa kuchungulia tumbo, kikakatwa kipande cha nyama ndani ya tumbo lake, nikaletewa miye.

Wadudu hawa wanadeka! Wanataka sahani yenye damu ya kondoo, wanataka joto, na hewa yetu hii ya kawaida inawaua. Sahani unazitia ndani ya mtungi pamoja na pakiti ya kunyonya oksijeni, unakaza kifuniko, unaacha siku tano bila ya kugusa.

Siku ya pili nikamkuta Bi Riziki, mwenzangu wa maabara, kauinamia mtungi wangu. Midomo inamcheza. Kuniona tu, akanyamaza, akajifanya anafuta meza.

 Huyu anasoma nini? Nikakumbuka kwamba nilichaguliwa miye kwenda kusomea kazi ya kuotesha, yeye akaachwa. Basi huyo! Ana kijicho, anataka niharibikiwe nionekane sijui kitu.

Tokea hapo nikawa nafika kabla yake. Naufungua mtungi, natazama sahani moja moja kama zimeguswa, nafunga. Dakika moja tu! Nilijua haufunguliwi, chuoni nilifundishwa. Lakini nilishaingiwa na shaka, sikusikia la mtu wala la kitabu.

Siku ya tano, sahani tupu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu. "Bi Riziki anaufungua mtungi wangu."

"Umemuona?"

"Nimemuona."

Muongo mkubwa miye! Nilimuona kauinamia, kuufungua sikumuona.

Akaitwa. "Miye n'ufungue? N'na haja gani nao?" Akanitazama mpaka nikainamisha uso. Alipoulizwa alikuwa akisoma nini, akasema, "Ninachosoma ni baina yangu na Mola wangu." Jibu lile ndilo lililommaliza. Kesho yake akahamishiwa stoo ya dawa, jengo la nyuma.

Masikini mzee akaitwa tena, akameza mpira mara ya pili, machozi yanamtoka. Safari hii maabara niko peke yangu na ufunguo ninao mwenyewe. Mnadhani nilitulia? Wapi! Nikajiambia huenda Bi Riziki kachonga ufunguo wa pili. Nikaufungua mtungi asubuhi ya kwanza. Nikaufungua ya pili. Na ya tatu, na ya nne.

Siku ya tano, sahani tupu tena. Nikakaa chini pale pale na koti langu jeupe. Laa haula! Hapana tena wa kumsingizia. Aliyewaua ni miye, mara zote mbili.

Mzee alikuja kuchukua majibu. Nikamwambia hawakuota. Hakunilaumu, alitazama huku na huku tu.

"Yule Bi Riziki hayupo leo? Nilimuomba anisomee Yasini juu ya kile kipande changu, kila siku kidogo. Nikamwambia asimwambie mtu. N'liona haya, mwanangu, nyinyi wasomi mtanicheka."

 Nikamuomba ameze mpira mara moja ya mwisho.

"Mpira simezi tena," akasema. Akaondoka kashika tumbo.

Nyinyi mnaonisoma, ukimshuku mwenzio, muulize! Muulize uso kwa uso, kwa adabu, kabla hujakwenda kwa mkubwa. Na usiseme umeona usichokiona. Miye mkubwa wangu sijamwambia ukweli mpaka leo, na ninaogopa kuliko siku ile niliyosema uongo.

Bi Riziki bado yuko stoo. Tukikutana kusaini kitabu cha asubuhi ananiuliza, "Wadudu wa mzee wetu wameota?"

Namjibu bado. Naye anasema, "Inshallah, miye ningali namsomea."