Mkwe Wangu na Tuta la Hospitali

Mke wa mwanangu alipoletwa nyumbani kwetu alikuja na begi moja la nguo na sanduku la spana. Dada zangu waliangua kicheko, na mmoja akauliza kama tumeoa mke au gereji. Nililipokea lile sanduku kwa mikono miwili, na nusura linivunje kiuno. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta, na binti huyu ndiye aliyekuwa akimshikia taa. Tangu siku hiyo namwita Spana, naye huitika bila kinyongo.

Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha, hasa wale wa viti vya magurudumu. Gari lake ni kuukuu, la safu tatu za viti, ila safu ya nyuma aliing'oa ili viti vya wagonjwa vipate nafasi. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, gari likawa limekalia makalio kama kuku anayetaga. Langoni mwa hospitali kuna tuta, na kila mara gari lake likipita hapo, nyuma inagonga chini, gwaa, na mgonjwa anaruka.

Mmoja wa wagonjwa hao ni kaka yangu, mwashi mstaafu, aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto. Kiti chake ni cha betri, kizito balaa. Mguu wake ulikuwa umeanza kusikia mazoezi ya hospitali. Mtaalamu alituambia akikatisha sasa, utalala tena, na huenda usiamke.

Ijumaa moja, baada ya kugongwa na lile tuta, kaka alimwambia Spana, "Mwanangu, usije tena. Mgongo wangu si ngoma."

"Kaka, unauacha mguu kwa ajili ya tuta?" nikamuuliza.

"Tuta halijakugonga wewe."

Spana akasema, "Mjomba, nipe mpaka Jumatatu."

"Nakupa. Likigonga tena, humu hunioni."

Na mimi namjua kaka yangu tangu utotoni. Akisema basi, ni basi.

Jumamosi Spana alileta mifuko miwili ya mpira mgumu, minene kama paja, ya kujazwa hewa na kukaa ndani ya springi ili izisaidie kubeba. Alilipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, magurudumu yakaning'inia na springi zikanyooka. Mimi nilishika bakuli la maji ya sabuni. Aliuminya mfuko mpaka ukatoka pumzi, akaukunja, akaupaka sabuni, akausukuma kati ya duara za springi kwa kidole gumba, huku akiusemesha kama mtoto asiyetaka kuvaa shati. Mrija wa hewa akaupitisha mbali na bomba la moshi lisije likauchoma. Kisha akaunganisha mirija yote miwili iwe na mdomo mmoja wa kujazia, karibu na namba ya gari.

"Kwa nini mmoja, na mifuko ni miwili?" nikauliza.

"Mama, nijaze mara mbili ya nini?"

Akaijaza hewa, akalishusha gari, tukaweka magunia ya mchanga katikati badala ya mgonjwa, gari likakaa sawa kama meza. Tukalala na furaha yetu.

Jumatatu tulifika kwa kaka mapema mno. Watu hunicheka kwa kuwahi, waache wacheke. Kiti cha kaka hufungwa upande wa kushoto, mkono wake mzima ubaki huru kushika. Kilipoingia tu, gari likainama kushoto taratibu, na kulia likainuka.

"Mmenitengenezea kitanda cha kulalia ubavu," kaka akasema. "Nishusheni."

Moyo wangu ulishuka kabla yake. Spana alichutama, akatazama, akajipiga paji la uso. Mfuko wa kushoto ulikuwa unakamuliwa na uzito wa kiti, na hewa yake inakimbilia kwa mwenzake kupitia mrija ule mmoja.

"Mjomba, kunywa chai. Ukimaliza kikombe na gari bado limeinama, nenda ukalale."

Akachukua sandukuni mdomo wa pili, ule uliokuja na mifuko akauona hauna kazi. Akaitenganisha mirija, kila mfuko ukapata njia yake. Akapiga pampu ya mguu, wa kushoto akauongeza mpaka gari likasimama sawa na kaka akiwa ndani. Chai ilikuwa haijapoa.

Tukaondoka. Kaka aliliona lile lango kwa mbali, akashika kishikio, akafumba macho. Mbele ikapanda, ikashuka. Nyuma ikapanda, ikashuka. Nikasubiri gwaa. Haikuja.

Kaka alifumbua jicho moja. "Hili tuta wamelipunguza?"

"Halijaguswa, mjomba."

Akageuka kulitazama kupitia kioo cha nyuma, muda mrefu, kwa jicho la mwashi anayepima ukuta wa mwenzake.

"Jumatano uje mapema," akasema. "Na huyu dada yangu mwambie aache kunishika bega. Sianguki."